Jina la Hibaq Kwenye Bahasha

Shule ya Wasichana
Matinyani, Kitui
Jumapili, 21 Januari 2024

Kwa Abdiwahid Kusow,

Huenda hunikumbuki. Mwaka jana kwenye kongamano la sayansi kule Machakos meza yetu ilitazamana na yenu. Sisi ndio tuliokuwa na mradi wa kusafisha maji kwa mbegu za mlonge, na ndoo yetu ikapasuka ikalowesha viatu vya jaji. Mimi ndiye niliyekuja na kitambaa. Nilitaka kukuuliza mambo mengi kuhusu treni yako ndogo, lakini nilisimama tu nikalisoma bango lako mara tatu, mpaka ukaniuliza kama nimepotea.

Uliwaeleza majaji kwamba umeme na amri hupita kwenye reli zile zile mbili. Kila injini ina chipu yenye namba yake, na kisanduku kikiita namba hiyo, ni injini hiyo peke yake itakayosikia, hata kama ziko kumi juu ya reli moja. Nimelifikiria jambo hilo mwaka mzima.

Mwalimu Mutisya, anayetufundisha fizikia, ameambiwa kwamba umemaliza kidato cha nne na unauza kile kisanduku, reli na injini. Klabu yetu ya sayansi ingependa kuvinunua. Tunataka kutengeneza mahali ambapo barabara inakata reli, na kizuizi kinachoshuka chenyewe treni inapokaribia. Najua ni ajabu, kwa sababu huku kwetu Kitui hakuna hata mita moja ya reli. Treni nimeiona mara moja tu, nikiwa mdogo, tukienda mazishi Kibwezi. Nililia ilipokwisha kupita.

Barua hii Mwalimu Mutisya ataituma mwenyewe. Naomba nawe umwandikie yeye, kwa sababu barua zetu hufunguliwa na kusomwa ofisini kabla hatujapewa.

Samahani kwa kukuchosha.

Ndila Mulinge
Kidato cha Tatu


Emali, Makueni
1 Februari 2024

Ndila wa kitambaa,

Nakukumbuka. Yule jaji alinuka mlonge mpaka jioni.

Kisanduku kipo na nimekubaliana na mwalimu wako. Lakini acha nikutajie ubaya wake kwanza, nisije nikaitwa tapeli Kitui nzima. Ni kikuukuu. Adeer yangu, yaani mdogo wake baba, huleta bidhaa za mtumba kutoka Mombasa, na siku moja ndani ya kreti la pasi na redio tukakuta treni hii ya mtoto wa Mzungu fulani. Programu iliyomo ni ya zamani. Inajua kuendesha injini, lakini vizuizi na taa za barabarani haivijui kabisa. Ukitaka kizuizi kishuke chenyewe, lazima programu isasishwe, na kwa kifaa cha umri huu kusasisha ni kung'oa chipu moja na kuchomeka nyingine. Nina rafiki fundi Nairobi mwenye mashine ya kuandika chipu. Ataiandika, nami nitakutumia.

Nauza kwa sababu nataka kwenda kwenye treni za kweli. Kuna kozi ya mafundi wa ishara za reli inayoanza Septemba na alama zangu zinatosha. Nimepungukiwa na kitu kimoja, kitambulisho. Nyinyi mtakwenda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa, mwisho. Sisi tunahojiwa kwanza. Jumanne nilisimama mbele ya wazee watano na ofisa mmoja.

"Unatoka wapi?"
"Emali."
"Kabla ya Emali?"
"Kabla ya Emali nilikuwa tumboni."

Baba akanikanyaga mguu. Ofisa hakucheka. Akamgeukia mzee mmoja, jirani yetu, ambaye amenunua sukari kwetu tangu nizaliwe, akamwuliza kama ananijua.

"Huyu?" akasema mzee. "Huyu ni wa duka."

Nikangoja aongeze neno. Hakuongeza. Wakaandika kwamba watanijulisha. Bila ile kadi chuo hakinichukui, na kila gari la polisi likisimama barabarani mimi ni mtu wa Mogadishu, mji ambao sijawahi kuuona hata kwenye kalenda.

Basi niombee. Kisanduku kitakuja na gari la vifurushi Jumatatu.

Abdiwahid


Matinyani
Ijumaa, 16 Februari 2024

Kaka Abdiwahid,

Kisanduku kimefika salama, hata ile injini moja ya kijani iliyochoka. Tumetandaza reli kwenye meza mbili za maabara. Rafiki yangu Wayua alipoizungusha treni mara ya kwanza tulipiga kelele mpaka bawabu akaja mbio na rungu.

Nina habari mbaya pia. Mwalimu Mutisya amehamishiwa shule nyingine upande wa Mwingi. Aliondoka Jumatano, siku moja tu baada ya kuambiwa. Sasa barua zote zinazoingia lazima zipite kwa naibu wa mwalimu mkuu, Madam Nzilani. Wiki hii yenye siku ya wapendanao ameongeza ukali. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisomewa barua yake mbele ya shule nzima, pamoja na yale maua yaliyochorwa pembeni, na mvulana wala hakuwa mpenzi wake, ni jirani tu. Amerudishwa nyumbani amlete mzazi. Mimi nikisomewa hivyo nadhani nitakufa pale pale kwenye gwaride.

Nimefikiria jambo moja na ninaona haya kulisema. Uliwahi kuwaambia majaji kwamba una dada anayeitwa Hibaq. Je, ungeweza kuandika kwa jina lake? Nyuma ya bahasha uandike Hibaq Kusow, na chini ya barua uweke Hibaq. Nitamwambia Madam kwamba ni msichana tuliyekutana kwenye kongamano. Si uongo mkubwa, maana habari zenyewe ni za treni tu. Kama dini yenu inakataza, nisamehe na usahau nililosema.

Kongamano la kaunti ni mwanzo wa Machi. Bila chipu kizuizi chetu ni kijiti tu.

Ndila


Emali
25 Februari 2024

Mpenzi wangu Ndila,

Ni mimi shoga yako Hibaq, mrembo wa Emali, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuota ndevu. Habari za huko bwenini?

Kaka yangu Abdiwahid ni mvivu sana. Analala mpaka jua linampiga kisogoni, na wateja wakija anawauzia majani ya chai badala ya sabuni. Tumekata shauri kumpeleka sokoni Ijumaa pamoja na mbuzi. Akipata mnunuzi nitakujulisha.

Haya, kazi. Chipu iko ndani ya karatasi hii ya fedha. Ni ya pakiti ya sigara za Adeer, usishangae harufu. Usiitoe kwenye karatasi mpaka uwe tayari, na kabla ya kuigusa shika kwanza bomba la maji la maabara, ili umeme ulio mwilini mwako utoke. Chomoa kisanduku ukutani. Fungua kifuniko. Utaona chipu ndefu yenye miguu mingi kama jongoo, iliyobandikwa kibandiko cheupe. Inyanyue polepole kwa bisibisi bapa, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kama unavyong'oa jino la mtoto anayekuangalia. Kwenye mwisho mmoja wa chipu kuna kipengo. Kipengo cha mpya kitazame pale pale kilipotazama cha zamani. Ukigeuza, itaungua mara moja na hakuna dawa.

Ukishawasha, kisanduku kitakuwa kimesahau kila kitu. Injini zote utazipa namba upya.

Kaka yangu amechukuliwa alama za vidole. Jamani! Vidole vyote kumi, kimoja kimoja. Ofisa alimwambia angoje. Ameanza kuosha mikono kwa uangalifu kama bwana harusi.

Shoga yako,
Hibaq


Matinyani
Jumapili, 10 Machi 2024

Hibaq mpendwa,

Nimecheka mpaka Wayua akaninyang'anya barua. Madam Nzilani ndiye aliyeifungua bahasha. Aliniita, akanusa ile karatasi, akaniuliza, "Hiki nacho ni nini?" Nikasema, "Ni ubongo wa treni, Madam." Akasema nimwonyeshe. Alikuja maabara mwenyewe. Nilishika bomba la maji, nikang'oa jongoo na kumtia mwingine. Tulipowasha, ile taa nyekundu ilimetameta kwa muda mrefu hivi kwamba nilijua nimeiua. Kisha ikatulia, ikageuka kijani. Treni ilipofika kwenye kivuko, kizuizi kikashuka chenyewe. Madam akapiga makofi. Sijawahi kumwona akipiga makofi.

Tumeshinda kaunti! Tunakwenda kanda tarehe 26. Lakini jaji mmoja alituuliza, "Mahali hapa ni wapi? Au ni mahali pa ndoto?" Nimesoma vitabu vyote viwili vya reli vilivyo maktabani kwetu na hakuna kinachosema treni huchukua muda gani kufika barabarani baada ya dereva kupiga honi. Wewe unaishi kando ya reli. Tafadhali nichoree kivuko cha kweli cha hapo Emali, barabara inapokatia, na saa ambazo treni hupita. Nitakitengeneza vile vile kilivyo.

Tutafunga shule mwanzo wa Aprili. Wakati wa likizo unaweza kutuma kwa mama, Migwani sokoni, kibanda cha ndengu mkabala na kinu. Kila mtu anamjua Mama Ndila.

Je, kitambulisho kimetoka?

Ndila


Emali
Jumamosi, 16 Machi 2024

Shoga,

Hongera! Nilimwambia kila aliyekuja dukani, hata waliokuja kuomba chenji.

Tunafunga Ramadhani, kwa hiyo nimekwenda relini alasiri, wakati sina la kutafuna. Nimekaa kwenye jiwe siku tatu na saa ya Baba. Mchoro uko ukurasa wa pili. Mstari mzito ni reli ya zamani, ule mwembamba ni barabara ya kwenda sokoni. Nimeandika kandokando treni za mizigo zinapita saa ngapi na zile ndefu ni zipi. Alama ya X ndipo dereva anapoanza kupiga honi. Kutoka hapo hadi barabarani mtu hana nafasi ya kumvuta punda mbishi, nimemhesabia punda mmoja wa kweli.

Kwenye meza yako, kata kipande cha reli hapo penye X, ndipo kisanduku kijue treni imeingia. Waya mbili zinazotoka hapo kwenda kisandukuni zipitishe chini ya reli na uzifiche vizuri, mtu akipita asizione. Kizuizi kisubiri kidogo, halafu kishuke. Ukizidisha muda, kitashuka treni ikiwa imeshapita, na hapo utakuwa umeua watu wako wote wa plastiki.

Mwaka juzi mbuzi wetu kumi na mmoja walikufa penye X hiyo pamoja na mchungaji wao, mtoto wa jirani. Ndiyo maana nilitengeneza mradi ule wa treni. Sikuwaambia majaji. Nakwambia wewe.

Kitambulisho bado. Jana karani wa ofisi ya vitambulisho alisema, "Jina lako lipo kwenye mashine." Nimelala nikitabasamu.

Hibaq


Emali
1 Aprili 2024

Ndila,

Kaka yangu wamemchukua. Hatujui yuko wapi. Usiandike kwa anwani ya duka na usipige simu. Barua zake zilizo kwako zitunze, usizichome. Anayekuletea hii ni mtu wa mbuzi anayekwenda Migwani, mpe jibu yeye.

Hibaq


Migwani
Jumatatu, 8 Aprili 2024

Hibaq mpendwa, mrembo wa Emali,

Mama alinipa barua yako jana jioni baada ya ibada. Mtu wa mbuzi atarudi kesho, kwa hiyo naandika upesi.

Safari hii umeniweza! Hata mwandiko umeubadilisha, umeuinamisha kulia kama wa msichana kweli. Nilishtuka nusu dakika, halafu nikakumbuka Ijumaa na mbuzi. Kwa hiyo hatimaye Abdiwahid amepata mnunuzi? Natumaini walipima meno yake kwanza. Na hilo la kusema nisizichome barua, kama vile sisi ni majasusi, nimemsomea mdogo wangu naye akataka kuzificha ndani ya gunia la ndengu.

Mchoro wako haukunifikia, au labda hukupata nafasi ya kuuchora. Tulikwenda kanda bila huo na tukawa wa nne. Usijilaumu. Jaji aliuliza tena mahali hapo ni wapi, nikasema Emali, na nilivyosema nikahisi kama ninakujua nyumbani kwenu.

Likizo hii ninasoma juu ya injini za mvuke. Nikirudi shuleni tutaongeza stesheni.

Idi njema inayokuja, wewe na wote nyumbani. Na mwambie huyo aliyemnunua kaka yako amlishe vizuri, anapenda kulala.

Ndila


Emali
19 Aprili 2024

Ndila,

Mimi ni Hibaq. Nina miaka ishirini na miwili na nashona nguo nyuma ya duka la Baba. Hii ndiyo barua ya pili ninayokuandikia maishani. Nyingine zote zenye jina langu aliandika Abdiwahid.

Nilianza kumsomea Hooyo, mama yangu, barua yako kwa sauti, kwa sababu alidhani imeleta habari. Nilifika kwenye meno nikaacha.

Nitakueleza mara moja. Ijumaa, tarehe 22, simu ya duka ililia. Alipokea Abdiwahid. Mwanamke aliuliza kama anaweza kuzungumza na Hibaq. Abdiwahid akamwuliza, wewe nani? Akasema ni mwalimu kutoka Matinyani. Kaka yangu akakata simu, akaja nyuma kwangu akiwa amejishika kichwa. "Hibaq, nimemharibia yule msichana. Watamsomea mbele ya shule." Nikamwambia, mpigie tena, mwambie ukweli. Akasema, "Nikisema mimi ni mvulana, watamfukuza." Tukagombana. Nikamwambia jina langu si koti la kuazimana. Hilo ndilo neno la mwisho la maana nililomwambia.

Jumatatu kabla ya futari, gari jeupe lisilo na namba lilisimama mlangoni. Walishuka watu wanne wenye nguo za kawaida. Mmoja alikuwa na karatasi mkononi, nikaona mistari ya kalamu ya bluu.

"Hibaq Kusow ni nani hapa?"

Niliweka mkasi chini nisimame. Abdiwahid alikuwa anapanga tende kwenye sahani. Akasema, "Ni mimi."

Walicheka. "Wewe ndiye Hibaq?"

"Barua niliandika mimi. Dada yangu hajui hata reli iko upande gani."

Yule wa karatasi akauliza, "Na waya za kuficha chini ya reli?"

"Ni reli ya mezani, bosi. Treni yake ni fupi kuliko mkono wako. Piga simu shuleni, wanayo."

"Shule ndiyo iliyotupigia."

Wakamwomba kitambulisho. Akawaambia bado, kiko kwenye mashine. Wakacheka tena. Wakamwingiza garini na sahani ya tende bado mkononi. Baba alikimbia nyuma ya gari hadi kwenye kituo cha mafuta.

Tumekwenda vituo vyote vya polisi vya Makueni, na Kitui, na Machakos. Kila kitabu wanachofungua jina lake hamna. Idi imepita. Baba hafungui duka.

Sikuandiki kukulaumu. Ninataka kujua kitu kimoja: nani alisema atumie jina langu, wewe au yeye? Hooyo anauliza. Anataka kujua kama mwanawe alikuwa mwongo.

Hibaq


Migwani
Jumapili, 2 Juni 2024

Dada Hibaq,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Mvua ilipochelewesha kufunguliwa kwa shule nilifurahi, kwa sababu nilijua nikirudi nitalazimika kuingia ofisi ile.

Mwambie Hooyo kwamba ni mimi. Mwanawe hakuwa mwongo. Nilimwomba tarehe 16 Februari kwa sababu niliogopa kusomewa barua gwarideni. Yeye alitii tu.

Siku tuliyofungua nilikwenda kwa Madam Nzilani kabla hata ya kupeleka sanduku bwenini. Nilidhani atakana. Hakukana.

"Treni yenu niliiona, Ndila. Niliipigia makofi," alisema. "Kisha ikaja barua yenye reli ya kweli, saa za kweli, waya za kuficha. Nikasema, aa, hawa ni watoto wa sayansi, acha nimpigie huyu msichana kwa namba iliyo kwenye bahasha nimwulize. Mwanaume akapokea. Nikamtajia kuwa mimi ni mwalimu, akakata. Wewe ungefanya nini?"

"Ungeniuliza mimi, Madam."

"Wewe ulikuwa umeniambia ni msichana."

Akasema ana wasichana mia saba wanaolala chini ya paa lake, na kwamba kila usiku anakumbuka wanafunzi waliowahi kuuawa vitandani mwao katika nchi hii. Alikuwa analia, lakini alilia akiwa amekaa wima. Nikamwambia sasa anajua ukweli, awapigie tena polisi awaambie. Akasema amekwishapiga, mara mbili. Mara ya kwanza walimshukuru kwa uzalendo wake. Mara ya pili ile namba haikuwa inapatikana.

Nimerudishwa nyumbani kwa wiki mbili kwa kosa la kumdanganya mwalimu. Baba ni shemasi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hayo ni mambo ya serikali na Wasomali. Wewe ni mtoto wa nani humo?" Nikamwambia, mimi ndimi niliyeanza. Akatoka nje. Mwaitu, mama yangu, asubuhi alifunga kibanda siku ya soko, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa, tukapanda gari kwenda Kitui.

Nilipeleka kila barua, kuanzia ile ya kitambaa. Nilikuwa nimeandika taarifa kurasa sita. Ofisa wa zamu alikuwa mpole. Alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza, "Hii niiweke kwenye kesi gani?"

Nikasema kesi ya Abdiwahid Kusow.

Akatafuta. "Hakuna kesi. Hakuna mshtakiwa. Binti, huwezi kumtetea mtu ambaye hakukamatwa."

"Lakini alichukuliwa."

"Na nani?"

Mwaitu akamwambia, "Basi pokea tu, mwanangu, uiweke hapo." Akakataa. Akasema karatasi isiyo na namba ya kesi haina pa kulala. Tulirudi nazo. Nilimpigia Mwalimu Mutisya kwa simu ya kinu, kwa sababu yeye alinunua kisanduku kile na angeweza kusema. Alinisikiliza. Akasema ana watoto wadogo, na tusimpigie tena.

Nimenakili taarifa yangu kwa mkono na nakala ninakutumia. Kama mtapata wakili, nitakuja popote na nitasema mbele ya yeyote. Najua ni kidogo. Sijui kitu kingine cha kufanya, na sitaki kuomba msamaha kwenye karatasi, kwa sababu ukinipa utakuwa umenipa bure.

Ndila


Emali
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Ndila,

Sikukujibu miezi mitatu. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na kazi. Baba alianguka mwezi wa Julai, upande wa kushoto hausogei, na duka ni langu sasa. Taarifa yako tumempa wakili mmoja wa watu waliopotea. Ameisoma yote. Amesema ni nzuri na kwamba anazo nyingi nzuri.

Hooyo amesikia jibu lako. Alisema, "Alhamdulillahi," akaenda kulala mchana. Nadhani ilimsaidia. Mimi sijui kama ilinisaidia.

Ninaandika kwa sababu kitambulisho kimetoka.

Karani alipiga simu ya duka wiki mbili zilizopita, kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema. Tulikwenda mimi na Hooyo. Akafungua droo, akatoa kadi, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia hayupo. Akasema haidhuru, aje akirudi, lazima aweke kidole chake kwenye mashine ndipo apewe. Nikaomba niishike. Akatazama huku na huku akanipa. Picha wamempiga akijizuia kucheka. Mahali pa kuzaliwa, Makueni. Hooyo hajui kusoma, akanifanya nimsomee neno hilo, kisha nimsomee tena.

Chuo kilifungua Jumatatu ya pili ya mwezi huu.

Karani alituambia kadi isipochukuliwa hurudishwa Nairobi na kuharibiwa, maana huhesabiwa kuwa haina mwenyewe. Hooyo akamwuliza, "Ukiona watu wanakuja kuitazama kila wiki, utasema haina mwenyewe?" Karani hakuiweka chini pamoja na zile kuukuu. Aliiweka juu, mbele.

Kwa hiyo sasa tunakwenda kila Jumatatu. Tunapanga foleni pamoja na wengine. Ikifika zamu yetu karani anafungua droo, anatuonyesha, anafunga. Leo kulikuwa na karani mpya, kijana. Alikataa kufungua, akasema hiyo siyo kazi yake. Hooyo alisimama dirishani mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kupiga kelele, na mwanamke mmoja akasema, "Mfungulie mama wa watu, wewe, inakugharimu nini?" Akafungua. Bado iko.

Jumatatu ijayo lazima nimpeleke Baba hospitali, na Hooyo hawezi kubishana na yule kijana peke yake, Kiswahili chake ni cha sokoni. Ofisi hufunguliwa saa mbili. Ukija, simama naye kwenye foleni, na mkifika dirishani useme jina lake lote, Abdiwahid Kusow Dirie, kwa sauti, ili wote wasikie.

Hibaq